Tundu si Mdomo: Kuijua Geji ya Bunduki Kongwe ya Mitutu Miwili

Maneno haya niliyasema uani mwa Ngome ya Lamu, baada ya sala ya alasiri, mbele ya wenyeji walioniomba niwafundishe kuzitambua bunduki za kale zilizobaki majumbani. Nimeyaandika karibu kama yalivyonitoka kinywani.

Assalaam alaykum. Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mlioketi kule ngazini, karibuni.

Hii iliyolala mezani juu ya kanga ni ya nyumba moja ya mtaa wetu wa Mkomani. Imening'inia ukutani, kando ya zidaka, tangu enzi za babu yake huyu mama aliyeketi mbele yangu. Afisa wa polisi aliyesimama pale mlangoni ndiye aliyeileta na ndiye atakayeondoka nayo, kwa hiyo mtu asiwe na wasiwasi. Ina mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, nyundo mbili za nje, na kitako cha mti kilichong'arishwa na viganja vya watu ambao wote wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Penye kifyatulio pamefungwa kikaratasi kwa uzi. Kikaratasi kinasema: geji 12.

Bunduki hii ni geji 16. Nitawaonyesha jinsi kosa lile lilivyofanyika, maana aliyeandika kikaratasi hiki hakuwa mjinga wala mvivu. Alipima, tena kwa kalipa nzuri, kile chombo cha meno mawili cha kupimia upana. Ila alipima mahali pasipo pake, na mahali hapo pamewapoteza wengi, mimi nikiwa mmoja wao nilipokuwa mwanafunzi wa ufundi.

Kabla ya kipimo chochote, kuna jambo ambalo fundi aliyenilea kazini kule Mombasa hakuniruhusu kulisahau hata siku moja. Bunduki kongwe ihesabu kuwa ina baruti mpaka uhakikishe haina. Inayovunjika katikati kama hii haina tabu: unasukuma komeo, mitutu inainama, unachungulia matundu yote mawili. Ukiona mwanga wa mbingu upande wa pili, ni tupu. Zile za kushindilia mdomoni, magobole, ndizo za kuogopwa, kwa sababu nyuma zimezibwa na huwezi kuchungulia. Gobole hutiwa mdeki, ile fimbo ya kushindilia, polepole mpaka ugote. Pale mdeki unapotokeza mdomoni unatia alama ya penseli, kisha unautoa na kuulaza nje, sambamba na mtutu, alama ikikaa mdomoni. Ncha ya mdeki ikifika nyuma kabisa, kwenye chuchu ya fataki, mtutu ni mtupu. Ikiishia vidole vitatu au vinne kabla ya hapo, ndani kuna kitu, na kitu hicho huenda ni baruti iliyoshindiliwa na mtu aliyekufa kabla baba yako hajazaliwa. Baruti nyeusi ikikaa pakavu haizeeki. Usiichokonoe, usiimwagie kitu, usimwite jirani aje atazame. Watoe watoto nyumbani, uwaite polisi.

Haya, geji.

Namba hii huwatatiza watu kwa kuwa inakwenda kinyume: namba ikikua, tundu linapungua. Wazee wa hapa haitawasumbua, maana hesabu yake ni ya ratli, na ratli wameipima umri wao wote. Sukari kwa ratli, kahawa kwa ratli, misumari kwa ratli. Chukua ratli moja ya risasi, yaani madini yenyewe, yale wavuvi wanayotia kwenye nyavu zizame. Iyeyushe. Igawe mafungu 12 yaliyo sawasawa, na kila fungu ulifanye goroli. Mtutu ambao goroli hiyo inapita ikigusa kuta zake bila kukwama, huo ndio geji 12. Ratli ile ile ukiigawa mafungu 16, goroli zinakuwa ndogo, na mtutu wake ni geji 16. Na kwa kuwa ratli ina wakia 16, goroli ya geji 16 ni wakia moja kamili.

Nimekuja nayo moja. Nimeiyeyusha mwenyewe na kuipima kwenye mizani ya sonara. Ipitisheni mkono kwa mkono muusikie uzito wake, na atakayeishika anawe mikono kabla ya kula, maana risasi ni sumu. Vijana mliozoea gramu, hiyo ni 28 na ushei. Ya geji 12 ingekuwa karibu gramu 38.

Basi hesabu hiyo ya ratli ndiyo inayozaa vipimo vya tundu. Geji 10 ni milimita 19.7. Geji 12 ni 18.5. Geji 16 ni 16.8. Geji 20 ni 15.6. Geji 28 ni 14. Kati ya 12 na 16 kuna milimita 1.7 tu, na kati ya 16 na 20 ni 1.2, pungufu ya unene wa sarafu mliyo nayo mfukoni. Jicho haliwezi kuiona tofauti hiyo, na kidole hakiwezi kuisikia. Mtu anayetia kidole gumba kwenye mdomo wa bunduki na kutamka "hii ni kumi na mbili" anabahatisha, hata awe amewinda miaka 40.

Kuna moja isiyoingia kwenye hesabu ya ratli, nayo ni ile nyembamba iitwayo 410. Hiyo namba ni upana wenyewe: sehemu 410 za inchi iliyogawanywa elfu moja, sawa na milimita 10.4. Ukiikuta, isome hivyo hivyo, usiitafutie goroli.

Sasa njooni karibu na meza. Wale wa nyuma mtakuja baadaye, hakuna haraka.

Nimeivunja. Mwenzangu ashike kitako. Hapa nyuma, inapoingia katriji, ambayo wazee wetu waliita kiasi, tundu ni pana kuliko kwingineko kote. Hapa panaitwa chemba. Natia kalipa: 18.9. Aliyeandika kikaratasi alisoma namba hii hii. Akaiangalia kwenye jedwali la geji, akakuta 12 ni 18.5 na 16 ni 16.8, akasema 18.9 iko karibu na 12, bunduki imechakaa kidogo kwa kutu ya bahari, basi ni 12. Hesabu yake imenyooka. Lakini jedwali lile ni la tundu, na yeye alipima chemba. Chemba lazima iwe pana kuliko tundu kwa sababu inabeba ganda la katriji, na ganda lina unene wake. Chemba ya geji 16 ni milimita 18.6 mpaka 18.9. Chemba ya geji 12 ni 20.3 mpaka 20.6. Mnaona mtego ulipo? Chemba ya 16 inakaribiana mno na tundu la 12. Kama kungekuwa na mtu aliyekaa kuubuni mtego wa kuwanasa wapimaji, asingepata ulio bora zaidi ya huu uliotokea wenyewe.

Na ukikimbilia mdomoni utaingia kwenye mtego wa upande wa pili. Bunduki nyingi za marisau, zile chembe za risasi zinazotoka nyingi kwa pamoja, hubanwa mdomo makusudi, ili marisau yasitawanyike mapema. Kwa kawaida mtutu wa kulia hubanwa kidogo na wa kushoto hubanwa zaidi, na mbano mkali unafika karibu milimita moja nzima. Hapa mdomoni, mtutu wa kulia nasoma 16.6. Wa kushoto nasoma 15.9. Mtu akiupima wa kushoto peke yake, atarudi nyumbani kuwaambia watu kuwa ni geji 20. Mdomo hukupunguzia, chemba hukuongezea. Bunduki moja, nyumba moja, na kwa vipimo hivi viwili tungepata 12 na 20, na hakuna hata mmoja aliyesema 16.

Ukweli uko katikati, baada ya chemba na kabla ya mbano. Chemba ikiisha, mtutu unapungua kwa mteremko mfupi, ninaouita shingo, kisha ndipo tundu lenyewe linaanza na kwenda sawa mpaka karibu na mdomo. Wapimaji wa Uingereza waliweka kanuni ya kupima inchi 9 kutoka nyuma, kama sentimita 23 hivi, na mimi hufuata hiyo hiyo. Meno ya kalipa ya kawaida hayafiki huko. Fundi wangu alikuwa na fimbo yenye vichwa vya shaba vilivyokerezwa, kila kichwa kwa kipimo chake, na aliviweka kwenye kibweta chenye kitambaa kama pete za bi harusi. Si lazima viwe vya shaba. Mafundi wetu wa Langoni wanaokereza miguu ya vitanda wanaweza kuvikereza kwa mti mgumu uliokauka vizuri, kimoja 15.6, kimoja 16.8, kimoja 18.5, ukavihakikisha kwa kalipa kabla ya kutumia. Hiki nilicho nacho ni 16.8. Tazameni. Kinapita chemba kikicheza, kinafika shingoni, kinasita, kinaingia tundu bila kulazimishwa, na kinatembea. Sasa cha 18.5: kimeingia chemba, kimefika shingoni, kimegota. Hakiendi. Bunduki ya geji 12 ingekipokea.

Nitaongeza ushahidi wa tatu, maana kwenye kazi hii kipimo kimoja hakitoshi. Penye mlango wa chemba pamechimbwa duara ya kupokea ukingo wa katriji. Hapo napata karibu 20.7, nao ndio ukingo wa katriji ya geji 16. Ya 12 ni kama 22.5. Vitu vitatu vimekubaliana.

Mniwie radhi, hapa nitasimama kidogo, kwa kuwa mtu ameniuliza mlangoni: kwa nini tusitie tu katriji tukaona ipi inaingia?

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Ilikuwa kabla ya mwaka 1977, kabla serikali haijapiga marufuku uwindaji. Uliletwa mtutu karakanani kwetu kutoka shamba moja upande wa Malindi, umefungwa kwenye gunia. Kijana mmoja alikuwa akilinda mahindi yake dhidi ya nguruwe, na bunduki yake ilikuwa geji 12. Mfukoni alikuwa na katriji zilizochanganyika, za karatasi, zote zimefifia rangi kwa jasho na jua. Usiku akatia moja, akafyatua, ikalia "ta," basi. Akaivunja. Akachungulia chemba kwa harakaharaka, akaiona tupu, akadhani katriji imeanguka chini. Akatia nyingine, akafyatua.

Katriji ya kwanza ilikuwa ya geji 20. Ukingo wake ni milimita 19.4 hivi, na chemba ya 12 ni 20.3, kwa hiyo iliteleza ikapita chemba yote, ikaenda kukwama shingoni, mahali ambapo macho hayafiki usipoinua mtutu dhidi ya mwanga. Nyuma yake katriji ya 12 ilikaa vizuri kabisa kama hakuna kitu. Ilipowaka, njia ya mbele ilikuwa imezibwa. Mtutu ule niliufungua mimi kutoka kwenye gunia. Ulikuwa umechanuka kama ua la mgomba, pale pale ambapo mtu hushika kwa mkono wa kushoto. Kijana aliishi. Vidole vitatu vya mkono ule havikubaki.

Ndiyo maana siku hizi katriji za geji 20 zinatengenezwa kwa ganda la njano, ili hata kwenye giza nusu mtu atambue. Lakini za zamani zilizobaki kwenye makopo na mitoto ya makabati hazifuati rangi yoyote. Basi jibu langu kwa ndugu yule wa mlangoni ni hili: bunduki isiyojulikana geji yake haijaribiwi kwa katriji. Haijaribiwi hata kwa kuigusisha. Kuingia kwake hakuthibitishi kitu, na hicho kinachoingia kwa urahisi kabisa ndicho kinachoua.

Turudi mezani, kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Bunduki hii imeandikwa jina lake. Walioiweka ukutani hawakujua, kwa sababu maandishi yako mahali pa siri. Nachomoa kile kipande cha mti cha mbele, ninachoshika hivi, kinatoka. Sasa naitoa mitutu yote na kuigeuza tumbo juu. Pale nyuma, chini ya chemba, chuma kimesawazishwa kikawa bapa, na juu ya ubapa huo kuna vidude vidogo vilivyogongwa kwa nyundo, vidogo kuliko punje ya mchele. Hizo ni alama za majaribio. Nchi za Ulaya zilizotengeneza bunduki ziliweka nyumba za kuzijaribu: mtutu hutiwa baruti kupita kiasi chake, hulipuliwa ndani ya chumba kilichofungwa, na ukisalimika hugongwa muhuri. Wa London walipata hati yao ya kifalme mwaka 1637. Wa Birmingham walianzishiwa nyumba yao mwaka 1813, miaka ile ile ambayo watu wa Amu, yaani Lamu yetu, walipigana Shela na wakaanza kuiinua ngome hii tuliyokaa ndani yake. Ubelgiji, katika mji wa Liège, majaribio yalifanywa lazima tangu 1810.

Alama hizi zimeliwa na chumvi ya pwani yetu. Usizisugue kwa msasa! Naomba sana. Nimeona mitutu iliyosuguliwa ikang'aa kama sufuria mpya, na jina lake lote likaondoka pamoja na kutu. Pakeni mafuta mepesi ya mashine, muache usiku kucha, mfute kwa kitambaa cha pamba. Kisha laza karatasi nyembamba juu ya ubapa, uipitishe penseli kwa ulalo, kama watoto wanavyochora sarafu. Alama zitapanda zenyewe.

Karatasi niliyotoa kwenye bunduki hii ni hii hapa. Duara refu kama yai, ndani yake herufi E, L na G, na juu yake taji. Hiyo ni Liège, na taji linatuambia kuwa ni ya mwaka 1893 au baadaye. Pembeni yake kuna umbo la almasi, na ndani yake, hafifu sana, namba 16 na herufi C. Na kwenye kila mtutu, 16.8. Kila kitu tulichotafuta kwa vichwa vya mti na kalipa kilikuwa kimeandikwa hapa tangu siku ilipozaliwa.

Waingereza nao waligonga almasi yenye namba na C chini yake, kuanzia mwaka 1887. Wajerumani waliiweka namba ya geji ndani ya duara. Za Uingereza za baada ya 1954 husomeka kwa inchi: ukiona .729 hiyo ni 12. Lakini mwenye bunduki ya Kiingereza ya kabla ya 1887 awe mwangalifu, maana ile namba iliyo peke yake bila almasi ni kipimo cha tundu siku ya majaribio, na mafundi wengine walilitoboa jembamba kidogo. Unaweza kukuta 13 kwenye bunduki inayokula katriji za 12. Hapo chemba ndiyo yenye neno la mwisho kuhusu katriji, na tundu ni shahidi wake. Msidanganyike pia na namba za fundi mtengenezaji. Bunduki zilizotengenezwa jozi hugongwa 1 na 2, na vipande vya bunduki moja hugongwa namba moja ili visipotezane karakanani. Nimewahi kuletewa "geji 2". Mizinga ya ngome hii haijafika mbali na hapo.

Tukiwa tumeigeuza, itazameni rangi ya chuma pale kutu haikufika. Mnaona michirizi? Kama mkeka uliosukwa kwa ukili mwembamba, au kama maji ya mkondo yanavyojikunja yakikutana na nanga. Mtutu huu haukutobolewa kwenye chuma kimoja. Fundi alisokota nyuzi za chuma laini na chuma kigumu, akazizungusha kwenye nondo zikiwa nyekundu kwa moto, akazigonga mpaka zikashikana kuwa bomba. Kazi hii inaitwa dameski. Mimi nimeiona mara nyingi, na kila mara nashika pumzi. Mtu mmoja asiyejulikana jina, ndani ya moshi wa Liège, alisuka chuma kama mama zetu wanavyosuka mikeka ya kuolea, na kazi yake imekuja kuning'inia kwenye ukuta wa chokaa wa Mkomani.

Na mtutu wa namna hii ulisukwa kwa baruti nyeusi. Baruti za leo zisizotoa moshi husukuma kwa namna nyingine, na ile mishono elfu moja iliyo ndani ya dameski, ambayo chumvi imekuwa ikiila kimyakimya kwa miaka zaidi ya 100, huenda isistahimili. Geji ikijulikana bado hujaruhusiwa kufyatua. Kuna na urefu pia. Chemba nyingi za zamani ni milimita 65, na katriji nyingi za leo ni 70. Ile ya 70 itaingia kwenye chemba ya 65 bila kipingamizi, kwa kuwa mdomo wake umekunjwa. Ni siku ya kufyatuliwa ndipo mkunjo unapofunguka, unaingia shingoni, na kuibana njia. Katriji ya geji sahihi, bunduki ya geji sahihi, na bado mtutu unabeba shinikizo usilotengenezewa. Hii iliyo mezani ni 65, nimepima.

Mzee mmoja pale ananiashiria kuhusu gobole la kwao. Gobole halina chemba, kwa hiyo kazi ni rahisi: halikupanuliwa nyuma, na mara nyingi halibanwi mdomo. Ukishahakikisha ni tupu, pima tundu ndani kidogo ya mdomo, mahali pasipochakazwa na mdeki, na uhesabu kwa goroli. Usishangae ukipata 14, yaani milimita 17.6, au namba nyingine ambayo hakuna duka linaloiuza. Wakati wa magobole kila mtu aliyeyusha risasi yake mwenyewe. Na sababu ya magobole kuwa mengi pwani yetu si umaskini wa wazee wetu. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia silaha za kisasa kuingizwa katika eneo kubwa la Afrika, kati ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini, nasi tumo humo katikati, huku bunduki za gumegume, zinazowashwa kwa cheche za jiwe, zisizo na mifereji ndani zikiachiwa mlango. Mwaka huo huo meli za Waingereza zilishusha askari wakaupiga mji wa Witu, huko bara, na kuuteketeza. Mwenye kuandika chini ya gobole "silaha duni ya wenyeji" aijue kwanza historia hiyo.

Kwa upande wa sheria sitasema mengi, afisa yupo na atajibu. Sheria ya silaha ya Kenya, Sura ya 114, haitambui kisingizio cha "ni ya babu". Mwenye kuwa nayo bila cheti ajitokeze akaisalimishe au aelekezwe. Nami naona kuna faida ya kujua geji hata kwa mtu asiyetaka kufyatua chochote maishani mwake, kama huyu mama. Kikaratasi kile cha "geji 12" kingebaki, siku moja mjukuu angepata kopo la katriji, na angemwamini aliyeandika. Mtoto humwamini mkubwa wake. Ndiyo maana nimekuja.

Sasa, mama yangu, kwa ruhusa yako nakikata kikaratasi cha zamani. Hiki kipya nimekiandika kwa wino usiofutika: "Liège, Ubelgiji, si kabla ya 1893. Geji 16. Chemba milimita 65. Mitutu ya dameski, baruti nyeusi. Isifyatuliwe." Nakifunga kwa uzi ule ule.

Niliwaomba msije na bunduki, mje na karatasi mlizopitishia penseli, nami nawashukuru kwa kutii. Naziona tisa hapo juu ya mkeka. Mwenye hii yenye duara na namba 20 ndani yake yuko wapi? Njoo, kaa hapa, tuanze na yako.